Bi Harusi Si Mbuzi wa Kunenepeshwa



Leo hatuji na mishono mipya wala rangi za kanga. Tunakuja na hasira. Tunaomba mtuvumilie hadi mwisho, maana hasira hii ina sababu, na sababu hiyo imeandikwa kwa inchi katika daftari letu la dukani.

Sisi ni washonaji wa Goweko. Kwa asiyepafahamu, Goweko ni stesheni ya reli ya kati katika wilaya ya Uyui, unapita hapa kabla hujafika Tabora mjini ukitokea Dar es Salaam. Vitambaa vyetu vya harusi tunaviagiza Darajani, Unguja. Vinavuka bahari, vinapanda nchi kavu, vinatufikia vikiwa bado vina harufu ya udi wa dukani. Kwa hiyo tukisema na nyinyi wa visiwani, tunasema na ndugu. Mambo tunayoyaona kwetu, kwenu yapo.

Mwaka jana baada ya mavuno alikuja binti mmoja kupimwa gauni la nikaha. Kifua 34, kiuno 27, nyonga 37, mkono wa juu inchi 10 na nusu. Binti mzuri, mwembamba kiasi, mzima wa afya. Baada ya wiki tano akaja kujaribisha, gauni halikufunga. Tukapima upya, kiuno 30. Tukacheka naye, tukamwambia raha ya uchumba hiyo, tukafumua mshono. Wiki ya tisa kiuno kikawa 32, na mkono wa juu ukawa 10 kamili.

Hapo tulinyamaza. Fundi anayepima watu kila siku anajua mtu akinenepa kwa chakula ananenepa kote. Mkono unajaa, paja linajaa, hata pete inabana. Huyu tumbo lilikuwa limetangulia, shingo kwa nyuma imejaa kama amebeba kitu, mashavu yamekuwa mviringo, na miguu imebaki ileile ya zamani. Ubavuni alikuwa na michirizi ya rangi ya zambarau. Wanawake waliokuwepo dukani wakamsifu: mashaallah, umenawiri, uso kama mwezi!

Siku tatu kabla ya nikaha, kwa kuogopa gauni lisifunge tena, akaacha ghafla kile alichokuwa anameza. Asubuhi ya harusi, hina iko mikononi, akaanza kutapika. Akaishiwa nguvu, akaanguka alipotaka kusimama. Wakamkimbiza hospitali na khanga za shughuli mwilini. Alhamdulillah, alipona. Nikaha ilifungwa wiki mbili baadaye, bila ngoma.

Alikuwa anameza vidonge vilivyofungwa kwenye kikaratasi kisicho na jina. Alipewa na mtu mzima wa familia aliyemwambia: "Mume wako atashika mifupa." Daktari alivitambua viwili. Kimoja deksamethasoni, kingine siproheptadini.

Vidonge hivyo vinafanya nini

Sisi tulisoma hadi kidato cha nne, kisha kozi ya ushonaji. Hatujifanyi madaktari. Lakini tangu siku ile tumeuliza, tumesoma, tumewasumbua manesi na wafamasia, na tuliyoyajua tunaona ni haramu kuyaficha.

Deksamethasoni ni ndugu wa homoni iitwayo kortisoli. Kortisoli tumeumbwa nayo. Inatengenezwa na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, na inapanda mtu akiwa katika hofu, njaa au ugonjwa. Hospitalini dawa hii inaokoa maisha ya watu wenye pumu kali, mzio na maradhi mengine, lakini kwa kipimo na kwa muda. Ukiimeza kila siku bila ugonjwa, mwili unapata kortisoli ya kukopa kwa wingi. Njaa inaongezeka, sukari ya damu inapanda, mafuta yanahamia tumboni, shingoni na usoni, huku nyama ya mikono na miguu ikiliwa. Daktari wa Marekani, Harvey Cushing, aliieleza hali ya mwili wenye kortisoli nyingi mwaka 1932, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Madaktari nao wanasema uso wa mwezi. Wao wanataja dalili ya ugonjwa, sisi tunapiga vigelegele.

Na kuna la kutisha zaidi. Ubongo ukiona dawa imejaa kwenye damu, unaziambia zile tezi zilale. Zinalala kweli. Ukiacha dawa ghafla, hakuna ya kukopa na hakuna ya mwilini, presha inashuka, mtu anatapika, anaanguka, anaweza kufa. Ndicho kilichompata binti yetu. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na unameza vidonge hivyo kimyakimya, usiviache leo kwa pupa. Nenda hospitali, sema ukweli, upunguziwe taratibu. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko sanda.

Siproheptadini yenyewe ni dawa ya mzio. Ndani ya ubongo inazuia kazi ya kemikali mbili, histamini na serotonini, ambazo miongoni mwa kazi zake ni kumwambia mtu ameshiba. Ukizizuia, anayekula anaona bado. Dawa hiyohiyo imetiwa kwenye sharubati inayouzwa mitandaoni hadi Uingereza na Marekani kwa ahadi ya nyonga pana. Sudan nako vidonge vya kunenepesha wanawake vimepewa majina ya utani mitaani kana kwamba ni peremende. Kwa hiyo msituambie ni ushamba wa Goweko.

Aliyetengeneza vidonge hivyo alijua jambo ambalo wengi wetu hatutaki kulikubali. Unene na wembamba vina waongozaji wao kichwani na katika damu. Kama kidonge kinaweza kuigiza homoni na kukupandisha inchi tano kiunoni ndani ya wiki tisa, basi homoni zenyewe, zikienda mrama bila kidonge chochote, zinaweza kufanya hivyohivyo. Mbona basi kila mwanamke mnene mnamwita mlafi?

"Si afunge mdomo tu!"

Hili ndilo neno tunalolipiga vita leo. Tunalisikia dukani kila wiki. Mama anamleta binti mnene, anasema mbele ya wateja: "Mshoneeni la saizi ndogo, atapungua, nimemwambia afunge mdomo." Binti anaangalia sakafu.

Sikilizeni. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hiyo ndiyo inayopokea barua za njaa na shibe. Tumbo likiwa tupu linatuma homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa na wataalamu wa Japani mwaka 1999, kusema kuleni. Utumbo ukipokea chakula unatuma nyingine kusema inatosha. Na mafuta ya mwilini, ambayo sisi tunayaona ni mzigo tu, nayo yanatuma yake, iitwayo leptini, kuujulisha ubongo akiba iliyopo ghalani. Leptini iligunduliwa mwaka 1994 New York na timu ya Jeffrey Friedman.

Miaka michache baadaye, Cambridge, Uingereza, Daktari Sadaf Farooqi na Stephen O'Rahilly waliletewa watoto wawili wa ukoo mmoja wenye asili ya Pakistani. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86. Binamu yake wa miaka 2 alikuwa na kilo 29. Walikuwa na njaa isiyokwisha. Fikirieni maneno ambayo mama zao walikuwa wamekwishaambiwa na majirani! Kumbe watoto wale walizaliwa miili yao haitengenezi leptini. Ubongo wao haukupata kamwe habari ya ghala, kwa hiyo ulidhani wanakufa njaa. Msichana alipochomwa sindano za leptini, njaa ilitulia na uzito ukashuka. Hakuna aliyemfundisha tabia njema. Alipewa homoni iliyokosekana.

Wenye ugonjwa huo ni wachache sana duniani, hatutaki kuwadanganya. Wanene wengi wana leptini tele, ila ubongo wao umezoea sauti yake na hauisikii tena, kama anayelala karibu na reli asivyosikia treni ya usiku. Sisi wa Goweko tunalijua hilo.

Sasa mtu huyo akifunga mdomo kweli, nini hutokea? Mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Wakawa wanaota chakula, wanazungumza chakula, wengine wanakusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, walikula kuliko mwanzo na bado wakaona njaa. Walikuwa wanaume timamu, si walafi. Mwaka 2016 ikatoka taarifa ya watu 14 walioshindana kupungua kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani. Miaka sita baada ya mashindano, wengi walikuwa wamerudisha uzito, na miili yao ilikuwa bado inatumia nguvu kidogo kuliko miili ya ukubwa huo inavyotarajiwa. Leptini yao nayo ilikuwa chini. Ubongo haukuwa umesahau.

Hapa kwetu Unyamwezi tunapaswa kulielewa hili haraka. Babu zetu walibeba mizigo ya misafara, frasila mbili kichwani au begani, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, mwendo wa karibu miezi mitatu. Njiani chakula kilipatikana na kukosekana. Mwili wa binadamu unaiogopa njaa kuliko unavyouogopa unene. Ukiushtua, unajilinda.

Kwa hiyo yule bi harusi anayelishwa chai ya kuharisha na ndimu kwa wiki sita ili aingie gauni, mnamtengenezea unene wa mwaka ujao. Atapungua, picha zitapigwa, fungate litaisha, ubongo utadai deni lake lote. Halafu mawifi watasema ameolewa ameanza kujiachia.

Maradhi yanayofichwa na neno "mlafi"

Yapo mambo ambayo mwanamke anaweza kuwa nayo na nyinyi mnamcheka.

Tezi ya shingo ikifanya kazi pungufu, mwili unapoa, mtu anachoka, anaona baridi, nywele zinakatika, choo kinakuwa kigumu, na uzito unapanda kidogo kidogo. Kipimo cha damu kinaonyesha.

Kuna ugonjwa wa homoni unaogusa mayai ya uzazi. Hedhi inaruka miezi, vinyweleo vinaota kidevuni, chunusi haziishi, insulini inapanda na kiuno kinapanuka. Shirika la Afya Duniani linakadiria unawapata wanawake kati ya 10 na 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Hesabu basi wageni wa kicheni pati moja! Na wengi wao hawajui, wanaambiwa tu wapungue ndipo watapata mtoto, kana kwamba wamekataa kwa makusudi.

Kuna sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ambayo kwa baadhi ya wanawake inaongeza uzito. Hatusemi muiache. Tunasema mwenye kuona mabadiliko amwambie nesi, zipo njia nyingine, na mumewe asimlaumu kwa jambo walilolipanga wawili.

Na kuna usingizi. Mtu asiyelala vya kutosha, grelini yake inaelekea kupanda na leptini kushuka. Sasa mwangalie mama aliyeamka saa kumi usiku kukanda maandazi ya kuuza, akalala saa sita akimaliza vyombo. Halafu mwambie ni mvivu.

Tunajua mtatujibu

Mtasema tunawapa wanene kisingizio. Hapana. Unene uliopita kiasi unaleta kisukari, presha, maumivu ya magoti na shida za ujauzito, na mafundi tunaushuhudia. Takwimu za taifa za 2015/16 zilionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 wana uzito uliozidi au ni wanene kabisa. Miaka kumi na kitu nyuma walikuwa wachache kuliko hao. Homoni za watu hazikubadilika zote kwa ghafla. Kilichobadilika ni sahani na miguu. Michembe, matobolwa na karanga vimepisha soda na chapati za mafuta, na safari ya dakika kumi tunapanda bodaboda. Ubongo ulioumbwa kutafuta chakula umewekwa katikati ya soko la vitu vitamu ambavyo havishibishi.

Lakini angalieni hoja ilipo. Kama sababu ni ubongo, homoni, usingizi, dawa na soko, basi tiba ni kupima damu, kubadili mapishi ya nyumba nzima na siyo sahani ya mmoja, kutembea, kulala, na kwa wengine dawa ya daktari. Dawa mpya za kupunguza unene zinazotikisa Ulaya na Marekani, kama semaglutide, zinaiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo umeshiba. Ulaya wanauza shibe ya ubongo kwa bei kubwa, na sisi bado tunatibu kwa matusi. Matusi hayajawahi kushusha kilo. Yanamfanya mtu ale kwa kujificha, na achelewe kwenda hospitali kwa kuogopa kupandishwa mzani mbele za watu.

Wengine mtatukumbusha mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) kuhusu tumbo, theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Tunayaamini na tunajitahidi. Lakini mafundisho hayo kila mtu ameletewa kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe. Hayakuletwa yawe fimbo ya kumpigia jirani. Na mnaoyakumbuka hayo, kumbukeni pia Sura ya Hujurat, aya ya 11, inayowakataza wanawake kuwadharau wanawake wenzao na kuitana majina ya kejeli. "Bonge", "tipwatipwa", "tenki", na kwa wembamba "kimbaumbau", "ng'onda", hayo ni majina gani kama si hayo yaliyokatazwa?

Tunachokitaka

Mama zetu, makungwi na masomo: mpeni bi harusi singo, mpeni hina, mfundisheni ndoa. Mizani ya mwili wake muacheni nayo. Msimwambie ajaze wala apunguze kwa ajili ya siku moja. Mkimuona amevimba uso na tumbo huku mikono ikikonda, msipige vigelegele, muulizeni anameza nini.

Wenye maduka ya dawa: mnajua mnachokifunga kwenye vikaratasi. Mna mabinti pia.

Bi harusi mwenyewe: hedhi ikiruka, uzito ukipanda bila sababu, uchovu usioisha, nenda kapime kabla ya kununua chai ya mtandaoni. Na anayekuoa amekuona. Kama alitaka mwili mwingine angeposa kwingine.

Sisi kwa upande wetu tumebadili utaratibu wa duka. Hatumshonei mtu tena gauni la mwili ambao hana, hata mama yake alipe mara mbili. Tunapima faragha, pazia limefungwa, namba haisomwi kwa sauti. Kipimo cha mwisho tunakichukua wiki mbili kabla ya nikaha, na kila upande tunaacha inchi moja na nusu ya kitambaa ndani ya mshono, ya kutolea au kubania, bila malipo ya ziada. Gauni tunalifuatisha mwili. Hiyo ndiyo kazi tuliyosomea.

Yule binti yetu alipona. Iliwachukua madaktari miezi kumtoa kwenye dawa kidogo kidogo. Juzi alipita dukani na mumewe wakielekea stesheni, akaomba apimwe dera. Tulivuta pazia, tukapima. Hakuuliza kiuno ni ngapi, na sisi hatukumwambia.

Wabillahi tawfiq.